Toleo la Makote

Kaka yangu alikuwa na kanda moja tu ambayo hakuruhusu mtu aiguse, nayo ilikuwa ya bendi ya Wazungu wanne wenye nywele ndefu ambao hakuna mtu kijijini kwetu Makote aliyewahi kuwasikia. Ulikuwa mkusanyiko wa nyimbo zao zilizovuma, kumi na mbili, sita kila upande. Aliipata kwa mwalimu wa fizikia aliyekuja kujitolea shuleni kwao, akapigwa na malaria mara tatu, akaondoka na kuacha nusu ya vitu vyake. Wenzake waligawana viatu na chandarua. Yeye akachukua kanda.

Niseme mapema kwamba sikuupenda muziki ule, na siupendi hadi leo. Magitaa yao yalilia kama mashine ya kukoboa iliyokosa grisi. Mama alisikiliza wimbo wa kwanza mpaka mwisho, kwa adabu, kisha akauliza kama yule mpiga ngoma ana ugomvi na mtu. Majirani wa msikitini na wa kanisani, ambao hawakuwa wakikubaliana hata tarehe ya kupalilia, walikubaliana kwamba ni muziki wa mashetani. Kaka alicheka tu, akageuza upande wa pili.

Maneno hayo hakuyajali. Matoleo ndiyo yaliyomnyima raha. Masasi mjini alikuwa na rafiki, fundi baiskeli, labda mtu pekee katika wilaya mbili aliyeijua bendi ile, naye alikuwa na kanda hiyo hiyo: jalada hilo hilo jeusi, jina hilo hilo. Siku walipokaa kuzilinganisha waligundua kwamba ya fundi baiskeli ilikuwa na nyimbo kumi tu, mbili kati yake hazimo kwenye yetu, na ule wimbo wa taratibu uliofunga upande wa pili kwetu, kwake ulikuwa wa tatu. Walibishana mchana kutwa. Kaka alipanda lori la kurudi Newala akiwa amenuna, akafungua daftari, akaandika kwa wino mwekundu: Toleo la Masasi, Toleo la Makote, na chini yake orodha mbili. Baadaye Mtwara aliona CD yenye nyimbo kumi na saba, na ule wa taratibu haukuwemo kabisa. Alirudi nyumbani kama mtu aliyeambiwa kwamba mama yake ana watoto wengine mahali. Nikamwambia ni nyimbo tu, azipange anavyotaka. Akanijibu kwamba wimbo ule lazima uwe wa mwisho, kwa sababu ukishaisha hakuna mtu mwenye haki ya kusema neno.

Aliondoka mwaka ambao ugonjwa wa ubwiri ulikula maua ya mikorosho yetu yote. Wanaume wengi wa upande wetu walikuwa wanavuka Ruvuma kwenda Msumbiji kuchimba mawe ya thamani, na waliorudi walirudi na pikipiki. Alibeba begi moja, redio ndogo ya kanda na ile kanda yake. Mimi wakati huo nilikuwa nimesharudi nyumbani kwa mama na binti yangu wa miaka saba, baada ya ndoa ambayo sitaieleza hapa kwa sababu haistahili wino.

Miezi minane baadaye kanda ikarudi bila yeye.

Ililetwa na mtu wa kijiji cha jirani aliyekuwa kambi moja naye. Mama hakujua kusoma, na alikuwa amechoka kusomewa barua na watu wanaoruka mistari wakidhani hatagundua. Kwa hiyo sisi, kama wengi kule juu milimani Newala, tulizoea kutumiana sauti: unakaa mbele ya redio, unabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, unaongea. Kaka huko machimboni hakuwa na kanda nyingine. Aliziba kwa karatasi yale matundu mawili ya mgongoni yanayozuia mtu asirekodi, akasogeza utepe mpaka wimbo wa mwisho, akaongea juu yake. Katika nyimbo kumi na mbili alikubali kuharibu mmoja, na akachagua ule alioupenda kuliko yote. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Labda aliona huo ndio pekee ambao hatausahau hata usipokuwepo.

Ilikuwa hivi. Wimbo unaanza na gitaa moja, taratibu. Mzungu anaimba beti mbili. Kisha kinasikika kishindo cha kitufe, kuku analia mbali, mtu anakohoa, halafu: Mama, shikamoo, ni mimi. Anaongea kwa dakika kama tatu. Anasema anakula vizuri, miguu inamuuma, mikorosho ya karibu na njia isikatwe hata mtu akishawishi vipi. Anasema habari ya binti yangu, kwamba siku akija kuposwa, mjomba mtu ni yeye na mkeka ni wake. Kisha kishindo tena, na mkia wa wimbo unarudi, Mzungu anamalizia alipokuwa ameachia.

Baada ya hapo hatukupata chochote. Waliorudi walileta kila mtu habari yake. Mmoja alisema shimo liliporomoka na waliokuwa ndani hawakuhesabiwa. Mwingine aliapa amemuona Nampula akiuza vocha za simu, ana mke na kitambi. Hatukuweka matanga. Hatukusoma hitma. Kila Ijumaa baada ya alasiri mama alitoa redio kubwa uani, akasogeza utepe mpaka wimbo wa mwisho, akamsikiliza mwanawe. Betri zilipoanza kuisha sauti ya kaka ilizidi kuwa nzito na ya polepole, kama ya mtu anayezama usingizini, na mimi nilikuwa natoka nje kwa kisingizio cha kuni. Hilo liliendelea kwa miaka sita. Kisha redio ikafa, mama akaifunga kanda ndani ya kanga, akaiweka chini ya sanduku, na hatukuizungumzia tena. Mimi nikapata uhamisho, nikahamia Masasi kufundisha.

Mwaka huu, Januari, mshenga akaja kutoka Nanganga kumposa binti yangu.

Kwa wasiojua desturi zetu: mtoto kwetu ni wa upande wa mama, na mwenye sauti juu yake ni mjomba. Baba anaweza kuwa na nyumba ya ghorofa, mshenga akija hatampelekea yeye salamu ya kwanza. Mkeka unatandikwa, mjomba anakaa, mshenga anasema shida yake, mjomba anajibu. Asipokaa mjomba, hakuna aliyejibu, na hakuna posa. Ukimkalisha mtu mwingine mahali pa mjomba ambaye hakumtuma, umetangaza mbele ya watu kwamba yule wa kwanza amekufa.

Tulikuwa na wa kumkalisha. Mdogo wetu, mtoto wa mama mdogo, ana duka la bati Masasi, mtu mzima, mpole kupita kiasi, na yeye kwa hesabu za ukoo ni mjomba sawasawa. Mama akakataa. Mshenga alipewa chai na kuambiwa asubiri. Akarudi Februari, akapewa chai tena. Mara ya tatu hakumaliza chai. Binti yangu hakulalamika, na hilo ndilo lililonitia hasira zaidi, kwa sababu mimi katika umri wake ningevunja vyombo. Alikuwa anakuja kwangu Jumapili, anaosha sahani ambazo tayari ni safi, anaondoka. Siku moja aliniambia kwamba kijana amepewa miezi mitatu na wazee wake, kisha watatafuta kwingine.

Nilipanda Makote kugombana na mama, na tuligombana. Nilimwambia kaka mwenyewe aliliona hili. Nilimkumbusha maneno yake kwenye kanda: nisipokuja, mdogo wangu akae. Niliyakumbuka wazi, hata mahali alipovuta pumzi.

Mama alikuwa anachambua mbaazi. Hakuinua uso.

"Hakusema hivyo," alisema. "Alisema nkeka wake asikae ntu, anakuja."

"Mama, umesahau."

"Wewe ulikuwa unakwenda kuokota kuni."

Lilinichoma kwa sababu lilikuwa kweli, na nikalijibu kwa ukali: basi tuisikilize, tuone nani amesahau. Mama akaweka ungo chini. Akakubali kwamba kama kanda ikisema ninavyosema mimi, yeye mwenyewe ataenda Masasi kumwita mdogo wetu akae. Akaingia ndani, akaitoa kwenye kanga. Nilipoishika niliona vizuri nilichokuwa nafanya. Nilikuwa nakwenda kumuua kaka yangu kwa sauti yake mwenyewe, ili binti yangu aolewe kabla ya mavuno. Niliiweka kwenye mkoba nikashuka nayo.

Masasi kuna fundi redio mzee ambaye ametengeneza redio za wilaya nzima, na sasa kazi yake kubwa ni kuhamisha: kanda kwenda CD, CD kwenda flashi, picha za harusi kutoka simu iliyokufa kwenda simu mpya. Nilimsalimu shikamoo, nikampa kanda, nikamwambia nataka vyote vilivyomo viingie kwenye flashi, hasa wimbo wa mwisho. Hapa nakiri kosa langu. Sikumwambia kuna sauti ya mtu. Dukani walikuwa wamekaa wateja wawili, mmoja mzazi wa mwanafunzi wangu, na nikaona aibu kusema mbele yao kwamba naleta barua ya mtu ambaye sijui kama yu hai. Nikasema ni nyimbo, tena nikatania kwamba mwalimu naye alikuwa kijana. Fundi akasoma jalada, akatabasamu, akasema bendi hii aliwahi kuisikia ujanani, niache kazi kwake.

Nilirudi baada ya wiki tatu. Akachomeka flashi kwenye spika zake kubwa, ukatoka wimbo wa kwanza, safi, mpana, kila gitaa mahali pake. Wale wa duka la jirani wakageuka. Nilimlipa, nikamshukuru sana, nikaondoka. Sikuomba kusikia wimbo wa mwisho. Niliogopa kuisikia sauti ile peke yangu, dukani, katikati ya chaja na betri.

Jumamosi nikafika Makote na redio mpya ndogo ya kuchomeka flashi. Mama alikuwa ameoga, amevaa doti mpya ya kanga na kujipaka mafuta usoni, kama anayepokea mgeni. Tulikaa uani. Nilitafuta wimbo wa taratibu kwa shida, kwa sababu flashi ilikuwa na nyimbo nyingi mno kuliko kumi na mbili, na hilo peke yake lingenishtua kama ningekuwa na akili timamu siku ile. Nikaupata. Gitaa likaanza. Mzungu akaimba ubeti wa kwanza, akaimba wa pili. Mama alisogea, akafungua mdomo kumwitikia mwanawe salamu yake.

Mzungu akaimba ubeti wa tatu.

Sikuwahi kuusikia ubeti ule maishani mwangu. Ngoma ziliingia, gitaa la pili likapanda juu ya lile la kwanza, na wimbo ukakua ukawa kitu kikubwa ambacho sikujua kama kilikuwemo. Kwa miaka yote ile mahali pale palikuwa pa kaka. Kumbe chini yake kulikuwa na wimbo mzima, na sasa ulikuwa unatembea juu yake kana kwamba hakuwahi kukaa hapo. Mama alibaki na mdomo wazi. Akaniambia niongeze sauti. Nikaongeza. Akaniambia nirudishe nyuma. Nikarudisha mara tatu, na kila tulipofika pale alisogeza sikio karibu na spika, na kila mara Mzungu akaimba ubeti wa tatu.

Ndipo nikaangalia orodha na kuelewa. Hii haikuwa kanda yetu. Ilikuwa mkusanyiko ule ule, jina lile lile, lakini toleo jingine, la kuadhimisha miaka sijui mingapi, lenye nyimbo thelathini na nne. Ndani yake wimbo wa taratibu ulikuwemo mara mbili: mara moja kama tulivyousikia, na mara ya pili walivyoupiga jukwaani mbele ya watu.

Nilitaka kuzima. Mama akakataa. Alisema kama kaka hayumo kwenye huu, huenda yumo kwenye ule mwingine. Hakukuwa na namna ya kumweleza, au namna ilikuwepo na mimi sikuwa na moyo. Nikaucheza. Ukaanza na kelele za watu, maelfu, wanapiga miluzi, wanaita.

"Watu gani hao?" mama aliuliza.

Nikamwambia ni waliokwenda kusikiliza muziki, mbali, Ulaya.

"Na yeye yumo?"

Nikamsogezea redio. Tulisikiliza. Aibu yangu ni kwamba na mimi nilianza kusikiliza kama yeye, chini ya ule muziki, katikati ya zile kelele, na mara mbili nilidhani nimesikia mtu akikohoa. Tulisikiliza nyimbo zote thelathini na nne, kuanzia ule wa kwanza, mpaka kivuli cha nyumba kikafika kwenye kinu. Mama hakulia. Aliniuliza tu kanda yenyewe iko wapi.

Kanda yenyewe. Sikuwa hata nimeikumbuka.

Jumatatu kabla ya kengele nilikuwa dukani kwa fundi. Nilikuwa nimepanga maneno makali, na kupiga kelele ndiyo kazi ninayolipwa, lakini alinipokea kwa furaha ya mtu aliyefanya hisani, ikabidi niyameze. Alinieleza taratibu. Kanda ilikuwa imeshika ukungu na utepe umegandana. Zikifika hivyo hahangaiki nazo tena. Anasoma jalada, anaitafuta kazi hiyo hiyo mtandaoni, anachagua toleo bora kuliko yote, anampa mteja. Anafanya hivyo kwa kwaya, kwa taarabu, kwa kila mtu, na hakuna aliyewahi kurudi na lawama. Mteja gani atakataa thelathini na nne aliyeleta kumi na mbili?

Nikamwambia kilichokuwemo kwenye wimbo wa mwisho. Mzee yule alikaa chini. Alifungua droo akatoa ganda la kanda, tupu, lenye mwandiko wa kaka kwa wino mwekundu ubavuni: Toleo la Makote. Utepe alikuwa ameshauvuta wote nje. Kila mwaka mpunga unapoanza kuchanua kuna mama mmoja wa Lisekese huja kuomba tepe za kanda mbovu, anazifunga kwenye miti shambani, upepo ukizipiga zinang'aa na kulia, ndege wanakimbia. Wakulima wengi wanafanya hivyo. Alikuwa amempa fungu zima wiki iliyotangulia. Fundi akataka kunirudishia pesa, nikamwambia asiniongezee mzigo.

Nilimpigia simu mama nikamweleza, kwa sababu nisingeweza kubuni uongo wa kutosha. Nilitegemea atasema basi. Kesho yake alipanda gari la asubuhi kutoka Newala, mwanamke ambaye hajashuka Masasi tangu nilipohamia, akafika stendi ameshika mkoba wake mbele kwa mikono miwili. Tulikwenda Lisekese kwa pikipiki mbili, kisha tukatembea kwa njia ya miguu hadi bondeni.

Mwenye shamba alitupokea vizuri. Alikuwa wa umri wangu, miguu ina tope hadi magotini, na nilipomweleza tulichofuata alijifunika mdomo kwa ncha ya kanga. Mpunga wake ulikuwa unaanza kuinama. Juu yake, kutoka mti hadi mti, shamba zima, zilipita tepe za kahawia. Mama akauliza ni upi. Yule mwanamke akasema kwa aibu kwamba hajui, mama yangu. Zilikuja zimechanganyika, kwaya na mawaidha na taarabu na za Wazungu, na alizikata na kuunga popote urefu ulipohitajika.

Ilikuwa saa tisa na upepo ulikuwa umeanza. Tepe zilivuma. Ilikuwa sauti nyembamba, ndefu, inayopanda na kushuka kutoka ncha moja ya shamba hadi nyingine, na ulipogeuka upepo ilikatika kidogo kisha ikaanza tena upande wa pili. Jua lilikuwa linawaka, watu wanapita njiani na majembe. Niliogopa kwamba nitamsikia. Niliogopa pia kwamba sitamsikia, na sikujua ni hofu ipi iliyo kubwa.

Mama alivua viatu, akatembea juu ya tuta mpaka katikati ya shamba. Alishika utepe mmoja kwa vidole viwili, bila kuuvuta, akainamisha kichwa. Alikaa hivyo muda mrefu sana. Mwenye shamba alianza kunong'ona kwamba zipo zilizobaki ndani, anaweza kuzitafuta, nikamshika mkono anyamaze. Hatimaye mama akarudi kwetu, polepole, akichagua pa kukanyaga.

"Nimensikia," alisema. "Alisema kama unavyosema wewe. Asipokuja, mdogo wake akae. Mwiteni akae, ntoto aolewe."

Nilikuwa nimeshinda. Neno hilo ndilo nililolitaka tangu Januari, nililigombea, nililisafiria, na sasa nilipolisikia kutoka kinywani mwa mama nikajua kwamba si neno la kaka. Nililijua mara moja. Siku anaondoka nilimsindikiza hadi barabarani, nikiwa nimembebea begi, yeye ana redio, akiwa anajigamba jinsi atakavyokuja kumsumbua mshenga wa binti yangu kwa maswali. Nikamuuliza: na usipokuja, nani atakaa? Alicheka, akachukua begi, akapanda lori. Hakunijibu. Kutokuja kulikuwa maneno yangu mimi. Kwenye kanda alisema mkeka wangu uacheni, nakuja, na pale bondeni nilimsikia akilisema lote, pamoja na kikohozi na kuku, kwa sauti yake ya betri mpya.

Na mama aliyelisikiliza kila Ijumaa kwa miaka sita hawezi kuwa alisahau. Alikuwa ananitazama usoni. Mafuta yalikuwa yamemkauka kwenye paji la uso na vumbi la safari limeshika juu yake, lakini macho yake yalikuwa makavu na yalitulia kwangu.

"Au sivyo?" akaniuliza.

Nikamjibu ndivyo, mama, na hapo hapo, nikiwa nimesimama kwenye tuta, nikatoa simu nikampigia mdogo wetu.